Madoa sugu kwenye zulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara katika nyumba za Goma

Mazulia mengi ninayoletewa kufua hayakuharibiwa na doa lenyewe, bali yaliharibiwa katika saa ile ya kwanza, mwenye nyumba alipokuwa akipambana nalo kwa maji ya moto, brashi ngumu na javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu mazulia ya sebuleni, yale ambayo wengi wetu tunayaita tapi, na madoa yanayopatikana kweli katika nyumba za mji huu: vumbi jeusi la lava, mawese, masizi ya makala (makaa ya kupikia), nta ya mishumaa, chai, damu na mkojo wa watoto.

Kitu kimemwagika sasa hivi. Nifanye nini kwanza?

Usisugue. Kama ni kitu kizito, kwa mfano sombe (majani ya muhogo yaliyopikwa) au mchuzi wa nyanya, kichote kwa kijiko ukitoka pembeni kuelekea katikati, ili usiongeze upana wa doa. Kama ni kioevu, weka juu yake kitambaa cheupe kikavu, kikandamize kwa kiganja au hata kwa kisigino, kisha ukibadilishe kila kinapolowa, mpaka kitambaa kitoke kikiwa karibu kavu. Nasisitiza kitambaa kiwe cheupe kwa sababu nimekwisha kuona doa dogo la chai likageuka doa kubwa la bluu, kwa kuwa mama mwenye nyumba aliokota kipande cha kitenge kipya kilichokuwa bado kinatoa rangi.

Kusugua kuna madhara mawili. Kwanza, husukuma uchafu chini, kwenye shina la nyuzi, mahali ambapo kitambaa hakiufikii tena. Pili, huzisokota na kuzichana nyuzi zenyewe, na nyuzi zilizochanika huakisi mwanga tofauti na zile za jirani. Kwa hiyo hata doa likiisha kutoka, jicho litaendelea kuona kivuli pale pale, na hakuna sabuni inayoweza kukiondoa.

Nitajuaje zulia langu limetengenezwa kwa nyuzi gani?

Geuza pembe yake utafute lebo. Mara nyingi lebo ilikatwa zamani, hivyo itabidi uvute uzi mmoja au miwili kutoka ukingoni, uishike kwa kibanio, uiweke mbali na zulia na kuichoma juu ya sahani. Uzi wa sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake huelekea kuzimika wenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi. Uzi wa polipropileni, ambao ndio umejaa katika mazulia ya bei nafuu yanayouzwa madukani, huyeyuka kama plastiki, hutoa harufu inayokaribia ile ya mshumaa, na huacha kidonge kigumu.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata. Sufu ni protini, kama nywele zako, na kwa hiyo huchukia magadi, javeli na sabuni kali. Polipropileni hainyonyi maji wala rangi nyingi, jambo linaloifanya iwe rahisi kusafisha, lakini hupenda mafuta na huyashika kwa ukaidi. Tena huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 za Selsiasi hivi, joto ambalo pasi hulifikia bila shida. Pamba na katani hunyonya maji na kukaa na unyevu kwa muda mrefu.

Je, ni lazima nijaribu dawa kwanza mahali palipofichika?

Ndiyo, hata kama una haraka. Chagua sehemu iliyo chini ya kochi, tonesha dawa unayotaka kutumia, weka kitambaa cheupe juu yake, subiri dakika kumi, kisha angalia kitambaa. Kikiwa na rangi ya zulia, achana na dawa hiyo.

Vumbi jeusi la lava linaingia kila siku. Kwa nini nikiliosha kwa maji zulia linazidi kuwa la kijivu?

Kwa sababu umelitengenezea tope. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na baadhi ya nyumba zimesimama juu ya lava ile ile iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Mawe hayo yanaposagwa na magurudumu ya pikipiki na magari hutoa chembe ndogo, nyeusi na zenye makali. Chembe hizo hazishikani na uzi kama rangi inavyoshikana. Zinakaa tu katikati ya nyuzi, na zikiwa kavu hutoka zote. Zikipata maji, zile laini kabisa huelea, husambaa na kukauka zikiwa zimeganda chini.

Kanuni ya kwanza kwa mwenye zulia Goma ni hii: liwe kavu, likung'utwe, ndipo liguswe na maji. Mwenye kifyonza vumbi akipitishe polepole, mara kadhaa, kwa pande mbili tofauti. Asiye nacho, na hao ndio wengi, alitoe zulia nje siku isiyo na mvua, alitundike juu ya ukuta au kamba imara huku mgongo wake ukiwa umemwelekea, alipige upande huo wa mgongo kwa fimbo bapa mpaka vumbi liache kuanguka, kisha aligeuze na kulifagia kwa mwelekeo wa nyuzi. Funika pua na mdomo unapofanya hivyo. Kama ni tope bichi lililoletwa na viatu wakati wa mvua, uwe na subira mpaka likauke, ulivunje kwa vidole, kisha ukung'ute.

Chembe hizo zikiachwa hukata nyuzi kila mtu anapokanyaga. Ndiyo maana njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi huchakaa mapema, na watu huidhani ni chafu wakati imekatika. Kitambaa kizito mlangoni, na desturi yetu ya kuvua viatu, vinalinda zulia kuliko dawa yoyote niijuayo.

Nitumie maji ya ziwa au ya mvua?

Ya mvua, ukiyapata yakiwa safi. Goma haina mto, kwa kuwa mvua ikinyesha hupenya mara moja kwenye mawe yenye matundu, na maji mengi tunayotumia hutoka Ziwa Kivu. Maji ya ziwa hilo yana bikabonati na magnesi nyingi, na yana hali ya magadi. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesi hufanya utando mweupe unaonata badala ya povu. Kwenye ndoo utando huo hauna neno, lakini ndani ya zulia hukaa na kuvuta vumbi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sabuni ya unga hazisumbuliwi sana na jambo hilo, kwa hiyo kama huna ila maji ya ziwa, weka sabuni ya kipande kando na utumie mojawapo ya hizo. Maji ya mvua yachuje kwa kitambaa kabla ya kuyatumia, maana mabati yetu hukusanya vumbi na majivu ya mlimani.

Kwa kuwa umeuliza kuhusu maji na ziwa, niongeze neno moja: kulipeleka zulia Kituku na kulifulia ufukweni kwa sabuni ya unga ni kuwamwagia wengine uchafu katika maji wanayokwenda kuyachota.

Mawese yamemwagika kwenye zulia la rangi ya maziwa. Je, kuna tumaini?

Lipo, mradi uelewe kwamba mawese ni madoa mawili katika tone moja: kuna mafuta, na kuna rangi. Rangi ile nyekundu hutokana na karotini, jamaa ya ile inayoipa karoti rangi yake, na huyeyuka ndani ya mafuta, si ndani ya maji. Ukianza na maji unapoteza muda.

Mawese huanza kuganda chini ya nyuzi 35 hivi, na katika hewa ya Goma, ambayo mara nyingi iko karibu na nyuzi 20, huganda upesi. Hilo ni bahati yako. Yaache yagande, uyakwangue kwa mgongo wa kisu, kisha unyunyizie unga mkavu, wa mahindi au wa muhogo, tabaka nene la kufunika doa lote, na uuache kwa saa kadhaa au usiku kucha. Unga utanyonya mafuta na kuwa wa rangi ya machungwa. Uondoe, uweke mwingine, mpaka utoke ukiwa mweupe. Tumia unga ulioharibika, siyo ule wa bugali ya jioni, na uukung'ute wote, kwa maana unga uliobaki ndani ya zulia ni karamu ya mende na panya.

Ndipo ifike zamu ya sabuni. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo katika nusu lita ya maji ya vuguvugu, yaani yale ambayo mkono unayavumilia vizuri. Chovya kitambaa, kikamue, gusagusa doa kutoka pembeni kuelekea katikati, kisha fuatisha kitambaa kilichochovywa katika maji matupu, na mwisho kitambaa kikavu. Rudia mara tatu au nne kwa kiasi kidogo badala ya kumwaga ndoo nzima mara moja.

Mafuta yakishatoka, huenda pakabaki kivuli cha manjano. Hapa jua ni rafiki, kwa kuwa karotini haistahimili mwanga: mara nyingi alasiri mbili au tatu za jua hukififisha kivuli kile bila dawa yoyote. Kwa zulia la rangi nzito usizidishe, kwa sababu jua halichagui rangi ya kufifisha. Utaratibu huu huu unafaa kwa sombe, kwa mafuta yaliyokaangiwa sambaza (samaki wadogo wa ziwani), na kwa mchuzi wa nyanya, ambao rangi yake ni ya ukoo huo huo.

Chai, kahawa, divai na kasiksi (pombe ya ndizi) husafishwa kwa njia moja?

Karibu sana na moja. Nyingi kati ya rangi hizo zimetoka kwenye mimea na hulegea kwenye uchachu, ila hugoma mbele ya sabuni ya kipande, ambayo kwa asili yake ina hali ya magadi na inaweza kuzifanya zishike zaidi. Baada ya kukausha kwa kitambaa, changanya sehemu moja ya siki nyeupe na sehemu mbili za maji ya baridi, gusagusa, subiri dakika tano, kausha, kisha malizia kwa yale maji ya sabuni ya vyombo na maji matupu. Siki nyeupe ikikosekana, maji ya limau yaliyochujwa yatafaa.

Chai ya maziwa ni jambo jingine kidogo, maana maziwa yana protini na mafuta. Ianze kwa maji ya baridi na sabuni ya vyombo, siki ifuate baadaye. Na kama kinywaji kilikuwa na sukari, suuza zaidi ya unavyodhani inahitajika: sukari haionekani siku ile, bali huonekana wiki mbili baadaye, vumbi la barabarani likiisha kujichora juu yake duara kamili.

Chumvi ambayo watu huimwaga juu ya divai si uchawi. Inanyonya unyevu, na inakupa muda wa kwenda kutafuta kitambaa. Zaidi ya hapo usiitarajie.

Kwa nini usiniambie tu nitumie javeli?

Kwa sababu javeli haiondoi doa, bali huondoa rangi, na haijui kutofautisha rangi ya doa na rangi ya zulia. Kwenye sufu ni mbaya zaidi, kwani huyeyusha protini: uzi hugeuka manjano, hulegea, na hatimaye hukatika. Nasema hivyo kwa aibu ya mtu aliyelijifunza jambo hili kwenye zulia la mama mkwe wake. Doa la mkojo wa mtoto lilikuwa la ukubwa wa sahani. Nilipomaliza kulisafisha, sufu ilikuwa inatoka mkononi kama nyasi kavu, na mpaka leo kuna meza ndogo iliyowekwa mahali pale kwa heshima.

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko zulia. Javeli ikichanganyika na siki, limau au tindikali yoyote hutoa gesi ya klorini. Ikichanganyika na amonia, ambayo mkojo uliochacha huwa nayo, hutoa gesi nyingine zinazochoma macho na mapafu. Katika chumba chenye dirisha moja lililofungwa kwa ajili ya mvua, mchanganyiko huo unaweza kumpeleka mtu hospitalini. Kama ulikwisha kuweka javeli, usiweke kitu kingine chochote ila maji mengi, na ufungue milango.

Damu je?

Maji ya baridi, na ya baridi tu. Joto huigandisha protini ya damu ndani ya uzi kama linavyoigandisha yai kwenye kikaango, na kuanzia hapo kazi huwa ngumu mara kumi. Gusagusa kwa maji ya baridi yenye chumvi, vijiko viwili vya chai katika glasi moja, ukikausha baada ya kila mzunguko. Kwa doa lililokauka kwenye zulia la polipropileni lenye rangi nyepesi, nunua katika famasi maji ya oksijeni ya asilimia 3, yale yanayoandikwa volumu 10, utoneshe kidogo. Yatatoa povu, hiyo ni kazi ya kimeng'enya kilichomo ndani ya damu yenyewe. Povu likitulia, kausha na urudie. Kwenye sufu au rangi nzito usiyatumie, kwa kuwa nayo hufifisha rangi.

Maziwa ya mtoto, yai na matapishi yafuate njia hiyo ya maji ya baridi. Sabuni za unga zenye vimeng'enya husaidia mno kwa madoa haya, lakini kimeng'enya kinachokula protini ya maziwa hakitaiacha protini ya sufu, hivyo zulia la sufu lisiguswe na sabuni hizo.

Mkojo wa mtoto au wa paka unanuka hata baada ya kuoshwa. Kwa nini?

Kwa sababu umeosha juu, nao umeshuka chini. Mkojo wa kikombe kimoja hulowesha juu mahali padogo, ukafika mgongoni mwa zulia ukatandaa, na ukikaa huanza kuchacha na kutoa amonia. Ule wa paka huacha pia fuwele za asidi ya yuriki, zisizoyeyuka vizuri katika maji, ambazo hulala kimya wakati wa kiangazi na kuamka kila mvua inaporudisha unyevu hewani. Ndiyo maana mwezi wa Julai nyumba hainuki, na mwezi wa Oktoba wageni wanaanza kutazamana.

Kwa mkojo mbichi, kausha kwa nguvu, mimina maji ya baridi kidogo, kausha tena. Kwa ule uliokauka, lazima dawa ishuke mpaka pale mkojo uliposhuka: geuza zulia, lowesha upande wa mgongo kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha dakika kumi na tano, kausha, fanya hivyo upande wa juu, suuza pande zote mbili, kisha tundika zulia mpaka likauke kabisa. Likiisha kukauka, nyunyiza bikabonati ya soda, ile ya jikoni, iache usiku kucha, uikung'ute asubuhi. Sakafu ya saruji nayo ioshwe, maana saruji hunyonya mkojo kama zulia linavyounyonya, na mara nyingi zulia hulaumiwa kwa harufu inayotoka chini yake.

Nimesoma kwamba siki na bikabonati zikichanganywa pamoja huondoa kila doa. Ni kweli?

Si kweli. Moja ni tindikali na nyingine ni kinyume chake. Zikikutana zinauana kwa kelele, na kinachobaki baada ya povu ni maji yenye chumvi kidogo isiyo na nguvu yoyote. Povu hupendeza macho, na labda hunyanyua chembe mbili tatu. Tumia kila moja kwa wakati wake: siki kwanza, bikabonati baadaye juu ya zulia lililokauka. Na bikabonati kwenye sufu, siishauri.

Makala yamedondoka kutoka kwenye mfuko na kusagwa na miguu. Niyasafisheje?

Weusi wa makala na wa masizi ya mbabula (jiko la makala) kwa sehemu kubwa ni kaboni. Haiyeyuki katika maji, katika siki, wala katika pombe, na kwa hiyo njia pekee ni kuinyanyua. Okota vipande vikubwa kwa vidole bila kuvisaga. Nyunyiza chumvi kavu au unga juu ya weusi, uache saa moja, uvute kwa kifyonza vumbi au uondoe kwa kipande cha kadibodi ukinyanyua, si kwa kufagia. Kisha chukua sifongo kavu, iguse juu na kuinua, ukigeuza upande wake kila mara. Hapo ndipo sabuni ya vyombo iingie, kwa matone, na kitambaa cheupe kikandamizwe mpaka kiache kupata weusi. Anayemwagia masizi maji katika dakika ya kwanza amelipaka zulia rangi nyeusi kwa mikono yake.

Umeme ulikatika na nta ya mshumaa imeganda kwenye zulia. Nipige pasi?

Ushauri unaosikika mara nyingi, wa kuweka karatasi juu ya nta na kupiga pasi, unafaa kwa mazulia ya sufu na pasi zenye kidhibiti cha joto. Pasi ya makala haina kidhibiti, na juu ya polipropileni itakuachia bapa la plastiki linalong'aa, ambalo ni ulemavu wa milele.

Mimi hutumia sufuria. Kwanza kwangua nta yote inayovunjika. Ukiwa na barafu, iweke ndani ya mfuko wa plastiki juu ya nta ili iwe kavu zaidi na ivunjike vizuri. Kisha tandika juu ya mabaki karatasi ya kaki au kitambaa cheupe cha pamba, chukua sufuria ndogo iliyo safi na kavu chini, ijaze maji yaliyotoka kuchemka, na uiweke juu ya karatasi kwa dakika moja. Katika mwinuko wetu wa karibu mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, nta ya mshumaa huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65, na polipropileni haiyeyuki kabla ya 160. Kwa hiyo nta itapanda kwenye karatasi na zulia litabaki salama. Badilisha karatasi mpaka isipate tena alama ya mafuta. Mshumaa ukiwa wa rangi, malizia kwa pamba iliyochovywa katika alkoli ya famasi.

Wino wa biki (kalamu ya wino), rangi ya kucha na chingamu?

Wino wa biki hulegea kwa alkoli ya famasi ya asilimia 70 au zaidi. Weka alkoli kwenye pamba, si kwenye zulia, gusa, badilisha pamba, gusa tena. Ukimwaga moja kwa moja wino utatandaa. Rangi ya kucha huhitaji asetoni, kwa tahadhari ile ile na dirisha likiwa wazi, mbali na mshumaa na mbabula. Chingamu igandishwe kwa barafu na kuvunjwa.

Mtoto amemwaga dawa ya kidonda ya rangi ya kahawia. Je, hiyo nayo hutoka?

Kama ni dawa ya iodini, hutoka vizuri kuliko watu wanavyofikiri. Saga tembe moja ya vitamini C, iyeyushe katika maji kidogo, uguse doa: rangi ya kahawia hupotea karibu mbele ya macho yako, kwa sababu vitamini hiyo huigeuza iodini kuwa hali isiyo na rangi. Suuza baadaye. Ile dawa ya zambarau tuliyopakwa vinywani utotoni haina huruma kama hiyo. Jaribu alkoli kwa pamba, na uridhike na rangi iliyopungua.

Miguu ya meza ya chuma imeacha kutu, na wageni kutoka Bukavu wameleta udongo mwekundu. Je, haya ni madoa ya aina moja?

Ni ndugu. Kutu ni oksidi ya chuma, na wekundu wa udongo wa milima ya Bukavu nao unatokana na oksidi za chuma. Udongo ukaushe na kuukung'uta kama vumbi la lava. Wekundu utakaobaki, pamoja na kutu, uuguse kwa maji ya limau yenye chumvi kidogo, uache dakika chache bila kukauka, usuuze. Rudia kesho ikihitajika. Javeli hapa ni sumu mara mbili, maana huongeza kutu badala ya kuipunguza.

Doa lilikuwa limetoka kabisa, asubuhi nikalikuta limerudi. Ni nini hiki?

Halikurudi, lilipanda. Zulia linapokauka, maji hupanda kutoka chini kwenda juu kupitia nyuzi, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba uchafu uliokuwa umejificha mgongoni, na kuuacha kwenye ncha za nyuzi pale yanapogeuka mvuke. Lowesha doa hilo kidogo kwa maji matupu, kunja kitambaa cheupe mara nne, kiweke juu, weka na mfuko wa plastiki, kisha mzigo mzito juu yake, na uache mpaka asubuhi. Uchafu utapanda hadi kwenye kitambaa badala ya kuishia kwenye nyuzi.

Ikiwa doa linarudi baada ya wiki kadhaa, siyo usiku mmoja, basi kosa ni sabuni iliyobaki. Wengi huweka sabuni nyingi wakiamini povu ndilo linalosafisha, wakashindwa kuitoa yote, na sabuni hiyo inayonata hukusanya vumbi jipya mahali pale pale.

Nilikaushe vipi wakati wa mvua?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na mara nyingi jibu langu ni kutolifua zima. Kuanzia Septemba hadi Mei, fua doa peke yake na ungoje miezi ya Juni hadi Agosti kwa kazi kubwa. Zulia lililoloa ambalo halijakauka baada ya siku mbili huanza kuota kuvu, na madoadoa meusi ya kuvu ni sugu kuliko mawese. Ukilazimika kulifua, likamue kwa kulikunja na kulikanyaga juu ya sakafu iliyoinama, litundike chini ya baraza lenye upepo, uligeuze asubuhi na jioni. Usilirudishe sakafuni mpaka uguse mgongo wake na kuuona mkavu na usio baridi.

Wala usitandike bashi ya plastiki chini ya zulia ukidhani unalikinga na saruji. Unyevu wa chini utazuiwa, ni kweli, lakini ule unaotoka juu hautapata pa kwenda, na siku utakapoinua utakuta harufu imekutangulia. Mkeka wa kawaida, ambao hewa hupita, unafaa zaidi.

Ni madoa gani ambayo hayatoki hata kwa fundi?

Mahali palipopoteza rangi kwa javeli, kwa kuwa hapo hakuna doa la kutoa, rangi ndiyo imekosekana. Rangi ya nywele. Utomvu wa mgomba uliokauka, ambao nimeushinda mara chache na kwa bahati. Na alama za kaa la moto lililoruka kutoka kwenye mbabula. Kama kaa limeunguza ncha tu, zikate taratibu kwa wembe mpaka weusi uishe, halafu uzichambue nyuzi za jirani zifunike pengo. Kama limefika mgongoni, kata kipande cha mraba kilichoungua, ukate kingine cha ukubwa huo huo kutoka sehemu ya zulia iliyo chini ya kochi, hakikisha nyuzi zinalala upande mmoja na za wenzake, kisha ushone kwa mgongo kwa uzi wa nailoni, au upeleke kwa fundi viatu, ambaye ana sindano na gundi ya kazi hiyo na hatakutoza bei ya zulia jipya.